Sabuni ya Kopo na Ndevu za Bungoma

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa katika kinyozi ya Sifuna, hapa Bungoma, kwenye kile kiti cha plastiki cha wanaosubiri. Siku hizi sinyoi mtu, magoti yamekataa kusimama. Naja tu kuwaangalia nyinyi vijana mnavyofanya kazi, na kuwaudhi kidogo. Basi akaingia mteja mmoja, akatoa kwenye mkoba kopo la ile sabuni ya kunyolea ya zamani, ile ngumu inayosuguliwa kwa brashi, akasema leo anataka wembe na sabuni hiyo, hataki mashine. Lo! Mngesikia kelele zilizofuata. Mmoja akasema, "Aii, hiyo ni ya wazee bana, inachoma." Mwingine akasema ameona kwa simu ati ndiyo bora kuliko zote, ati hizi za kupuliza ni hewa tupu. Wa tatu akafungua kola kutuonyesha vipele alivyoachiwa nayo. Sifuna, ambaye ndiye niliyemwachia chumba hicho nilipostaafu, akashika kopo kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya, akanigeukia: "Kukhu, sema wewe. Hii kitu ni nzuri ama ni mbaya?"

Nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Vijana wangu mnaoniita Kukhu, bibi yenu, hamjui kwamba swali hilo nusura liniondoe kazini. Siku ile sikujibu kwa sababu mteja alikuwa anangoja na chai yangu ilikuwa inapoa. Sasa nina nafasi. Sikilizeni, na asiyetaka kusikiliza afagie nywele.

Mimi sikuanza na wembe. Nilianza na chai. Nilikuwa na jiko langu Kitale, karibu na mahali malori ya mahindi yalipokuwa yakipakia, na ukuta wangu wa mbao ulipakana na chumba cha kinyozi mmoja, Mzee Ndiwa. Alikuwa mtu wa Kapsokwony, mrefu, mkimya, ambaye angeweza kunyoa watu kumi bila kusema maneno kumi. Alinyoa kwa sabuni ya kopo peke yake, na sabuni ile bila maji ya moto ni jiwe. Kwa hiyo kila asubuhi aligonga mbao mara mbili na kuita, "Mama Nafula, maji!" Nami nilimchemshia. Lakini hakutaka maji ya bomba langu. Alikuwa na pipa lake nyuma ya chumba, chini ya mabati, na ni lazima nichote humo. Nilidhani ni ubahili tu wa mzee, hataki kulipia maji yangu. Nikachota, nikanyamaza.

Nikimpelekea maji nilikuwa nachungulia. Mwanzo ni umbea, si kazi. Baadaye wateja wakiwa wengi akaanza kuniachia brashi. "Piga povu," anasema, na anaendelea na mtu mwingine. Nilipiga povu la watu wa Kitale kwa karibu mwaka mzima kabla sijashika wembe. Na hapo ndipo mnapokosea nyinyi wa leo, mnafikiri kunyoa ni wembe. Wembe ni mwisho wa kazi. Mzee alikuwa anaweza kupindua kikombe juu chini, na povu likianguka, ananirudishia bila neno. Likishika, anatikisa kichwa kidogo kukubali. Siku ya kwanza aliyotikisa kichwa nilienda nyumbani nikamweleza mume wangu kana kwamba nimepewa shamba.

Basi siku moja alikuja mkulima wa mahindi, ndevu ngumu kama brashi ya kusugulia sakafu. Nikampaka povu, Mzee Ndiwa akashika wembe, akausogeza, akaurudisha. Akausogeza tena. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Akaniambia polepole, "Mama Nafula, kuja hapa."

"Maji yamepoa?" nikauliza.

"Maji iko sawa. Mimi ndio siko sawa leo." Akanipa wembe.

Yule mkulima akafungua jicho moja. "Na huyu ni nani sasa?"

"Ni fundi," mzee akasema. "Funga macho."

Nilinyoa nikiomba Mungu kimoyomoyo kutoka sikio moja hadi sikio lingine. Nilipomaliza, yule mkulima akajipapasa, akajiangalia kwenye kioo kutoka pande zote, akasema, "Haya." Neno moja tu! Lakini mwezi uliofuata alirudi, na alipoingia alinitafuta mimi kwa macho. Ndiyo maana nasema bila kuona haya kwamba nilikuwa mwanamke wa kwanza kushika wembe upande ule wa mji, na sikumkata mtu. Sawa, nilimkata mmoja, lakini alikuwa anacheka, na kosa la kucheka mbele ya wembe si langu.

Mzee alinifundisha mambo ambayo bado mnayahitaji hata na mashine zenu. Kwanza papasa ndevu zikiwa kavu, ujue zinalala wapi. Za shingoni hulala upande, wala usizifanyie kama za shavuni. Pili, usivute ngozi. Ndevu zetu sisi ni za kujikunja, ukivuta ngozi ukakata chini sana, unywele unarudi ndani na kuchimba, na hicho ndicho kipele. Tatu, ukishapaka povu, ngoja. Noa wembe, uliza habari za mahindi, uliza kama mvua ilinyesha kwao, lakini ngoja. Mtu akishaanza kusinzia, ndevu zake ziko tayari. Mwisho maji baridi, halafu jiwe la shabu la kuzuia damu, ambalo litamwasha kidogo na kumfanya ajue amenyolewa. Ugonjwa ule mkubwa wa kuambukizwa kwa damu ulipofika tukaacha wembe wa kunoa, tukaanza wembe mpya kwa kila mtu na spiriti juu yake. Wazee walinung'unika kwamba tunawaona wachafu. Nikawaambia sawa, nuneni, lakini mtanuna mkiwa wazima.

Sasa kuhusu sabuni yenyewe. Tangu Kitale niliona kwamba kila mtu ana dini yake juu ya sabuni ya kopo. Watu wa mashambani waliiapia. Makarani waliikimbia, walisema inakausha uso na inakufanya unuke kama babu yako. Dereva mmoja wa lori alisema ni kweli inanuka babu, na babu yake alioa wake watatu, kwa hivyo nimpake mara mbili. Mnunuzi mmoja wa tumbaku kutoka Malakisi alikuwa anasema ni sabuni pekee inayotoa harufu ya tumbaku mwilini, mkewe anamruhusu kuingia ndani. Kijana wa kutoka mlimani alipaka kwanza mafuta ya kukamulia ng'ombe, halafu sabuni juu yake. Nilimcheka, kisha nikaona shingo yake, laini kabisa, nikaacha kucheka. Mimi mwenyewe nilikuwa upande wa sabuni, na nilikuwa mkali. Ukiisema vibaya mbele yangu ilikuwa ni kama umenisema mimi. Hapo shida yangu ilianzia.

Mume wangu, ambaye alikuwa karani wa serikali, alihamishiwa Bungoma. Nikamuaga Mzee Ndiwa, nikapanga chumba, nikaweka kiti na kioo, na nikamwita mchoraji aandike mlangoni: KINYOZI YA MAMA NAFULA, SABUNI YA KOPO. Nilijivuna, wacha nisiwadanganye. Nilisimama mlangoni nimefunga aproni nyeupe kama nesi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kinyozi kijana anaitwa Barasa, mwenye mashine ya stima, ya kwanza mtaani. Alinitazama, akaangalia maandishi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Sasa wanaume wa Bungoma wataoshwa kama sufuria!"

Wateja walikuja lakini. Wengine kwa kazi, wengine kwa kutazama mwanamke mwenye wembe. Na nikajifunza haraka kwamba Bungoma si Kitale. Kitale tulikuwa watu wa kila mahali. Hapa nilikuwa kwetu, na kwetu kuna wakwe, na mkwe hagusani na mama mkwe. Siku moja alikaa kijana mtanashati, nikampaka povu uso mzima mpaka kwenye masikio, nikauliza habari za kwao, akasema ametoka kulipa ng'ombe Bokoli. Kwa nani? Akataja. Mungu wangu! Alikuwa ametoka kumwoa mtoto wa dada yangu. Mimi ni mama mkwe wake, nami nimemshika kidevu! Nilirusha brashi, yeye akaruka kutoka kitini, na hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake. Akavuka barabara na povu lake lote kwenda kwa Barasa, na Barasa alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo kila mteja niliuliza kwanza: wewe ni wa nani, na umeoa wapi? Baadaye ndipo maji. Watu walifikiri ni salamu nzuri.

Hayo yalikuwa ya kucheka. Yaliyofuata hayakuwa ya kucheka. Kabla mwezi haujaisha, watu walianza kurudi wakiwa wamejishika shingo. "Mama, inawasha." "Mama, angalia hii." Vipele, ngozi nyekundu, mmoja alikuwa na kidonda. Sikuelewa. Ilikuwa sabuni ileile, brashi ileile, na mkono uleule ulionyoa Kitale nzima. Lakini badala ya kufikiri, nikabisha. Wa kwanza nilimwambia ngozi yake ni ya mtoto. Wa pili nikamwambia amejikuna. Wa tatu nikamwambia akale mboga. Povu lilikuwa jepesi, linakatika kama maziwa yaliyochacha, nami naongeza sabuni, nasugua, nalaumu brashi. Nililiona kwa macho yangu na bado nilibisha.

Mtaani wakagawanyika. Kwa Barasa walisema, "Ni sabuni hiyo, ni sumu." Wengine, na hawa ndio walioniuma, walisema, "Sabuni haina neno. Ni mkono wa mwanamke. Wembe haujui mwanamke." Nilipopita sokoni niliwasikia wakibishana, sabuni, mkono, sabuni, mkono. Mimi nikasimama kutetea sabuni kama wakili. Hata mume wangu, mtu mpole ambaye hajawahi kunikosea, nikaona amefuga ndevu. Nikamuuliza, "Kulikoni?" Akasema, "Ni baridi tu, Mama Nafula. Nalinda koo." Baridi gani ya Bungoma? Ilinichoma kuliko maneno ya Barasa.

Kilichonimaliza ni Mzee Khaemba. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Bokoli, mtu ambaye akikohoa watu wanageuka. Binti yake alikuwa anatolewa mahari, wageni wanakuja Jumamosi, na Ijumaa akaja kwangu ili apokee wakwe akiwa safi. Nilimnyoa kwa uangalifu kuliko mtu yeyote. Niliongeza hata sabuni. Jumamosi yule mzee alipokea wakwe amefunga mafla shingoni saa saba ya mchana, jua la kupasua mawe, jasho linamtiririka, na kila mgeni anauliza kama mzee ni mgonjwa. Jumapili, baada ya ibada, mlango wa kanisa umejaa, akafungua mafla, akawaonyesha watu shingo, akasema kwa ile sauti yake, "Angalieni! Mimi sitaki tena ile sabuni, na sitaki yule mama." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mke wa pasta, nimeshika Biblia. Nilitamani ardhi inimeze.

Wiki iliyofuata walikuja watu wanne. Iliyofuata, mmoja, na alikuwa amekosea mlango. Mwenye chumba akapita, hakukaa, akasema, "Mama, kuna kijana mwingine wa mashine, si Barasa, anauliza hii nafasi. Nikiona mambo ni hivi mpaka mwisho wa mwezi, nitampa yeye. Usinione mbaya." Alipoondoka nilifunga mlango mchana kweupe, nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe mbele ya kioo, nikalia. Sikulilia kodi wala chumba. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeanza kuwaamini. Nilitazama mikono yangu nikajiuliza, huenda ni kweli, huenda Kitale nilibahatisha tu, na wembe hakika si wa mwanamke.

Kesho yake nikaenda Kitale. Mzee Ndiwa alikuwa ameshaacha kazi, amekaa kwa kijana wake, mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika kwenye sahani. Nikamweleza yote, nimeinama. Nilingoja aniambie nimeharibu jina lake. Aliweka kikombe chini kwanza. Kisha akauliza, "Maji unatoa wapi?"

"Kisimani, nyuma ya nyumba. Maji safi kabisa, mzee, unaona mpaka chini."

"Na nguo za watoto, unafua na hayo?"

"La, nguo nafua na ya mvua. Ya kisima yanamaliza sabuni, hayatoi po..."

Sikumaliza. Kila mama wa mtaa wetu anajua maji ya kile kisima yana chumvichumvi, ukifulia sabuni inakatika, nguo inabaki ngumu, na sufuria ya kuchemshia inafanya ukoko mweupe chini. Mimi mwenyewe nilikuwa na madumu matatu ya maji ya mvua nyumbani kwa ajili ya mashati ya mume wangu! Nikiwa nyumbani nilijua. Nikifunga aproni nikasimama kwa kiti, nikajifanya fundi mkubwa, niliacha akili yangu ya nyumbani mlangoni nikaona haina kazi huko. Na lile pipa la chini ya mabati, nililoliita ubahili, nilichota maji yake kwa miaka bila kuuliza hata mara moja kwa nini.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza, karibu na hasira.

"Wewe ni mama wa nyumba," akasema. "Nilifikiri unajua kuliko mimi." Akacheka, na hicho ndicho kicheko pekee nilichowahi kusikia kutoka kwake.

Nilirudi Bungoma moja kwa moja, nikapasha maji ya mvua, nikamkalisha mume wangu kwenye kiti. Alikaa kama mtu anayepelekwa mahakamani. Povu likasimama kwenye kikombe, nikakipindua, likashika. Nikanyoa zile ndevu za "baridi" zote. Asubuhi ilipofika nikamshika shingo kabla hata hajaamka vizuri: hakuna kipele hata kimoja. "Baridi imeisha?" nikamuuliza. Akasema imeisha kabisa.

Lakini mume si shahidi, watu wangesema ananitetea kwa sababu namlisha. Ilibaki kwenda Bokoli. Nilibeba dumu la maji ya mvua, kopo, brashi na wembe, nikaingia nyumbani kwa Mzee Khaemba bila kualikwa. Alikuwa amekaa barazani na mke wake wanachambua maharagwe, na ndevu zimeota kijivu kijivu, hajanyoa tangu siku ile. Nikapiga magoti kumsalimia, nikasema, "Mzee, nimekukosea. Si sabuni iliyokuchoma. Ni maji ya kisima, na nilikuwa nayajua, na sikuyafikiria. Kosa ni langu."

Alinitazama. "Kwa hivyo umetoka Bungoma na dumu kuja kutetea sabuni."

"Nimekuja kukunyoa, mzee. Nusu tu. Upande mmoja. Ukiwasha, nisirudi tena kwa kazi hii."

"Nikae nusu nusu? Mimi?"

Mke wake hakuinua macho kutoka kwenye maharagwe. "Si ukae tu, Baba Naliaka. Hata sasa unakaa kama mtu ametoka matangani. Nusu itakuwa afadhali."

Akakaa. Nadhani alimwogopa mkewe kuliko wembe. Nilipiga povu palepale barazani, nikapapasa ndevu zikiwa kavu, nikangoja mpaka macho yake yakalegea. Nikanyoa shavu la kulia na shingo ya kulia, nikasimama. Alijigusa. Kisha, bila kuniangalia, akageuza uso na kunipa upande wa kushoto. Nilimaliza, nikafunga vitu vyangu. Hakusema asante, hakusema kwaheri, nami sikungoja. Njiani kurudi sikujua kama nimeshinda au nimejimaliza mwenyewe.

Sasa mnaona kwa nini nawacheka mkibishana. Huyo wa simu anasema sabuni ni bora, huyu wa kola anasema ni sumu, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ametumia maji gani, amengoja kiasi gani, ameshika wembe upande upi. Na bado kuna ngozi zinazoikataa kweli, hata kwa maji ya mbinguni. Nimewaona. Hao usiwabishie kama nilivyobisha mimi, tafuta kingine, hata mafuta ya ng'ombe. Mimi sabuni ya kopo naipenda mpaka leo, lakini mtu asiyeitaka simwiti mjinga tena.

Ilifika Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimeweka pipa chini ya mabati, mvua mbili nzuri zilikuwa zimenyesha, lakini kiti kilikuwa kitupu. Kwa Barasa ng'ambo walikuwa wamejaa mpaka nje, wanatazama upande wangu kwa sababu walijua ndiyo siku. Mwenye chumba alikuja na yule kijana wa mashine, wakasimama mlangoni wakipima ukuta kwa macho, wapi soketi itakaa. Nilikuwa naanza kufungua kioo ukutani.

Ndipo nikasikia ng'ambo wamenyamaza. Mzee Khaemba alikuwa anavuka barabara, kofia kichwani, bakora mkononi, shingo wazi, haina hata alama. Akapita katikati ya mwenye chumba na yule kijana kama hawapo, akakaa kwenye kiti changu, akavua kofia. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu kimefungwa kwa gazeti. Kilikuwa kipande cha sabuni ya kufulia.

"Sabuni yako siipendi," akasema kwa sauti ya kanisani, na ng'ambo wote walisikia. "Inanuka dawa ya ng'ombe. Nimekuja na yangu. Lakini wa kuninyoa ni wewe."

Nilikuwa nimezunguka mwezi mzima nikitetea kopo, na kumbe kilichomrudisha mzee ni mkono wangu, si kopo. Nilichukua kile kipande cha sabuni ya kufulia mikononi mwangu. Nikachota maji pipani, nikapiga povu, nikamuuliza habari za mahindi. Macho yake yalipolegea, nikashika wembe.

Yule kijana wa mashine akamuuliza mwenye chumba ni lini anaweza kuleta vitu vyake. Mwenye chumba alikuwa bado anatazama wembe wangu ukishuka kwenye shingo ya Mzee Khaemba.

"Tafuta kwingine," akamwambia. "Hapa pana kinyozi."